Anayekwenda Ng'ambo Amchague Tarishi Wake Vizuri



Wazee wetu waliochukuliwa katika jeshi la KAR na kupelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wakiandikia nyumbani barua. Barua hizo zilipita kwanza mezani kwa afisa, naye akazisoma na kufuta alichotaka kufuta, ndipo zikapelekwa. Askari alilijua jambo hilo, na aliandika akijua kwamba kuna macho mengine yatakayotangulia macho ya mkewe.

Leo kijana wa Uganda anayelinda geti la kambi huko Iraki, au askari wetu aliye nje ya mji wa Mogadishu, hangoji karatasi wala stempu. Anabonyeza simu na maneno yamefika Kampala kabla hajaiweka mfukoni. Lakini swali halikubadilika: nani anasoma njiani? Mzee wa KAR alimjua msomaji wake. Kijana wa leo hamjui, na mara nyingi amemwalika mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu nina deni. Katika mkutano mmoja tuliofanya hapa Kampala na walinzi waliokuwa wakingoja kusafiri, kijana mmoja alisimama akauliza: "Mzee, hizi VPN ni nyingi. Ipi iliyo salama?" Ukumbi wote ukanigeukia. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, na siku hiyo sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza kwa mafundi wa simu, kwa vijana waliosoma mambo hayo, na kwa wenzetu waliorudi kutoka ng'ambo. Jibu ninalileta hapa.

JAMBO HILI LINATUHUSU NINI?

Wapo watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi hakina kazi na mambo ya kambi za jeshi. Hilo si kweli. Tangu mwaka 2005 Waganda kwa maelfu wamekwenda Iraki, na baadaye Afghanistan, kulinda kambi na ofisi chini ya makampuni yenye mikataba na Marekani. Wengi wao walikuwa wanajeshi au polisi wa zamani. Hao ni wafanyakazi wa mshahara kama mimi na wewe, na mshahara wao tuliuona ukishuka mwaka hadi mwaka.

Kisha wako askari wetu wa UPDF. Walikuwa wa kwanza kufika Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika, mwezi wa Machi 2007. Askari haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, lakini mkewe anashona katika kiwanda, na dada yake anafagia hospitali, na hao ni wanachama wetu. Mwezi wa Mei 2023, kambi ya Buulo Mareer iliposhambuliwa na baadaye Rais akatangaza kwamba askari 54 waliuawa, tuliona sisi wenyewe akina mama wameshika simu usiku kucha wakingoja sauti. Kwa familia hizo simu ni chakula cha moyo. Ndiyo maana usalama wake ni jambo letu.

VPN NI KITU GANI?

Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Ukituma ujumbe kwa simu, chukulia kwamba umeandika barua ukaitia katika bahasha. Bahasha hiyo inapita mikononi mwa kampuni ya simu, au mwenye waifai ya kambi, au mwenye waifai ya hoteli. Hao wakiangalia, wanaona anwani iliyo juu ya bahasha: unaongea na benki gani, unasoma gazeti gani, unatumia programu gani, saa ngapi. Maneno yaliyo ndani mara nyingi hawayaoni. Benki hufunga maneno yake, na WhatsApp tangu mwaka 2016 hufunga maneno kwa fumbo kutoka simu ya mtumaji mpaka simu ya mpokeaji.

VPN ni tarishi. Unachukua bahasha zako zote unazitia katika gunia lenye kufuli, na tarishi analibeba mpaka nyumbani kwake, pengine Uholanzi au Kenya. Huko analifungua na kuzituma bahasha kana kwamba zimetoka kwake. Mwenye waifai ya kambi anaona gunia tu linaelekea kwa tarishi. Kule mwisho wa safari, wanadhani aliyeandika yuko Uholanzi.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Anwani ambazo umemficha mwenye waifai, tarishi anaziona zote. VPN haikuondoi mikononi mwa watu, inakutoa mikononi mwa mmoja na kukutia mikononi mwa mwingine. Kama mwenye waifai ni adui na tarishi ni mwaminifu, umefanya vema. Kama tarishi ni mwizi, umemkusanyia mizigo yako yote mahali pamoja, na umembebea mwenyewe mpaka mlangoni.

KOSA LANGU MWENYEWE

Siku ya uchaguzi, Februari 18, 2016, WhatsApp na Facebook zilifungwa Uganda nzima, na hata kutuma pesa kwa simu. Kampala yote ilijifunza neno VPN siku moja. Mimi pia. Jirani alinirushia programu kutoka simu yake hadi yangu, nikaiwasha, nikafurahi. Sikuuliza ni ya nani. Ilipokuja kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao, Julai 1, 2018, niliiwasha tena kila siku ili nisilipe.

Baada ya miezi nikaona bando la wiki linaisha siku ya tatu. Usiku simu ilikuwa moto ingawa nimelala. Nikaipeleka kwa fundi. Akaitazama akaniuliza, "Hii programu ni ya nani?" Nikamjibu kwamba ni ya bure. Akasema, "Sikukuuliza bei, mzee."

Simu yangu ilikuwa inafanya kazi ya watu wengine ninapolala. Bando lilikuwa jambo dogo. Katika simu ile nilikuwa na orodha ya walinzi 14 waliokuwa bado kazini ng'ambo, walioniandikia kwa siri kwamba wakala wao hakuwalipa malipo yaliyoandikwa katika mkataba. Jina, namba ya pasi, na kambi aliyoko kila mmoja. Kama mwajiri angeyaona majina yale, wangepandishwa ndege ya kwanza kurudi Entebbe bila senti. Hawakurudishwa, namshukuru Mungu. Lakini waliniamini mimi, na mimi nikamwamini mtu nisiyemjua. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

MASWALI SABA YA KUULIZA

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi tarishi gunia, muulize maswali haya.

1. Wewe ni nani? Kampuni isiyosema jina la wenyewe, wala nchi iliyoandikishwa, iache. Hatumwajiri mtumishi wa nyumbani bila kujua kwao, seuze huyu anayebeba barua za familia.

2. Unakula nini? Kuendesha VPN kunahitaji mitambo, umeme na mishahara. Kama mteja halipi, nani analipa? Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, VPN ya bure yenye wateja wengi duniani, ilikuwa inauza njia ya intaneti ya wateja wake kwa watu wengine. Facebook nayo ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawaambia watu kwamba Onavo itawalinda, kumbe ilikuwa inapeleleza ni programu zipi wanazotumia. Iliondolewa katika duka la Apple mwezi wa Agosti 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ilitoza faini ya dola za Australia milioni 20 kwa jambo hilo. Cha bure kina mwenyewe.

3. Je, unaandika daftari? Tarishi mwema hubeba na kusahau. Karibu wote husema hawaandiki, lakini kusema si kutenda. Mwezi wa Julai 2020 daftari za UFO VPN ya Hong Kong zilikutwa wazi mtandaoni, ingawa ilikuwa imeahidi kwamba haiweki daftari. Tafuta ile iliyokaguliwa na watu wa nje na kutangaza matokeo, au iliyokwisha kujaribiwa kweli. Aprili 18, 2023 polisi wa Uswidi walikwenda na hati ya kupekua katika ofisi ya Mullvad VPN. Waliondoka mikono mitupu, kwa sababu daftari ya wateja haikuwapo. Huo ndio ushahidi tunaoutaka.

4. Kufuli lako ni la namna gani? Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO ya Australia na wenzao walipima programu 283 za VPN za simu za Android. Kati ya kila 100, kama 18 hazikufunga maneno hata kidogo, na 38 zilikuwa na dalili za programu mbaya ndani yake. Ukifungua mipangilio ya VPN yako, tafuta jina WireGuard au OpenVPN. Hayo ni makufuli yanayoaminika na mafundi wengi. Ukiona PPTP, hilo ni kufuli la zamani lililokwisha kuvunjwa. Tena hakikisha ina swichi ya kuikata intaneti yote VPN inapoanguka. Bila hiyo, bahasha zako zitaanguka njiani na wewe hujui.

5. Unataka ruhusa gani katika simu yangu? VPN haina kazi na majina ya watu uliowaandika katika simu, wala ujumbe wako, wala kamera. Ikiomba, ikatae na uiondoe.

6. Umetoka wapi? Ichukue katika duka halali la simu yako au katika ukurasa wa kampuni yenyewe. Usirushiwe na rafiki kama nilivyofanya mimi. Tena iweke ukiwa bado Kampala, uijaribu, umfundishe na mama watoto. Ukifika huko unaweza kukuta ukurasa wake umefungwa.

7. Sheria ya huko inasemaje? Wenzetu wengi wanakwenda Dubai na Abu Dhabi. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, anayetumia VPN kutenda kosa au kuficha kosa anaweza kutozwa faini ya dirham 500,000 mpaka 2,000,000, na huko kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa. Mshahara wa mlinzi wa miaka yote hautoshi kulipa faini hiyo. Uliza kabla ya kuiwasha.

NIZITAJE?

Kijana yule alitaka jina, na ingekuwa hila kumzungusha. Mullvad inatoza euro 5 kwa mwezi, ambazo ni kama shilingi 20,000 zetu na zaidi kidogo. Haitaki jina wala anwani yako, inakupa namba tu. Proton VPN ya Uswisi ina huduma ya bure isiyo na kikomo cha bando, na tunajua inakula nini: wanaolipia huduma kubwa ndio wanaobeba gharama. Programu zake zimewekwa wazi tangu mwaka 2020 ili fundi ye yote azikague. Hao ni wawili tu waliojibu maswali yangu vizuri. Sisi hatulipwi na kampuni yo yote. Kesho wakibadilika, maswali yale saba yatakuonyesha.

TARISHI HAWEZI KILA KITU

Matangazo ya VPN yanaahidi kwamba ukiiwasha huonekani tena. Huo ni uwongo, na kwa mtu aliye katika nchi ya vita ni uwongo unaoweza kuua.

Kwanza, VPN haifichi mahali ulipo kama simu yenyewe inasema. Mwezi wa Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, aliangalia ramani iliyotolewa na Strava, programu ya watu wanaokimbia mazoezi. Akaona mistari inayong'aa katikati ya jangwa. Ilikuwa ni askari waliokuwa wakikimbia asubuhi kuzunguka kambi zao huko Syria na Afghanistan, na saa zao zikaandika kila hatua. VPN isingewasaidia, kwa maana walikuwa wametoa ruhusa wenyewe. Basi fungua mipangilio, uzime ruhusa ya mahali kwa kila programu isiyoihitaji, na usipige picha mbele ya geti, mnara au gari la kazi.

Pili, simu ikiwashwa hupiga kelele angani hata kama hakuna anayesema. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023 majeshi ya Ukraine yalipiga jengo la Makiivka lililojaa askari wa Urusi. Urusi ilisema yenyewe kwamba 89 walikufa, na kwamba sababu kubwa ni askari kutumia simu za mkononi mahali palipofikiwa na mizinga ya adui. Mkubwa wa kambi akisema simu zizimwe, zizime. Amri hiyo si uonevu.

Tatu, kama simu yenyewe imeingiliwa, kufuli la njiani halina maana. Mwezi wa Desemba 2021 ilitangazwa kwamba simu za wafanyakazi wasiopungua 9 wa serikali ya Marekani, waliokuwa hapa Uganda au walioshughulika na mambo ya Uganda, ziliingiliwa kwa programu ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli. Kama hao waliweza kuingiliwa, sisi ni nani? Pokea nyongeza za usalama kila simu inapozileta, na usibonyeze kiungo usichokijua.

Nne, VPN hupita juu ya intaneti. Intaneti ikikatwa yote, tarishi hana barabara. Tulijionea hapa mwezi wa Januari 2021, intaneti ilipozimwa siku tano, na tena Januari 2026. Kila familia iwe na mpango wa siku hizo: namba ya kupiga kwa simu ya kawaida, na jirani atakayepokea habari.

Tano, simu au kompyuta ya mwajiri ni mali ya mwajiri. Usiiwekee VPN yako, na usiitumie kuandika malalamiko yako. Mambo ya chama yaandikwe katika simu yako mwenyewe, nje ya saa za kazi.

MZIGO HUU SI WA MFANYAKAZI PEKE YAKE

Nimeandika mengi juu ya kijana na simu yake, lakini nitakosa nikimwachia yeye mzigo wote. Mwajiri anampeleka mtu mahali pa hatari, anampa kofia na fulana ya kuzuia risasi, kisha anamwachia atafute mwenyewe njia ya kuongea na watoto wake katika waifai ya mtu asiyejulikana. Njia salama ya mawasiliano ni kifaa cha kazi kama buti.

Kwa hiyo wanaposoma mkataba, wenzetu waulize haya na wataka yaandikwe: kwamba mfanyakazi atapata muda na njia salama ya kuzungumza na nyumbani kila wiki, kwamba mwajiri ataeleza wazi kama anasoma mawasiliano yanayopita katika waifai ya kambi, na kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa kuandika kwa chama chake. Mtu mmoja akiyadai ataambiwa apishe mwenzake. Tukiyadai wote kabla ya kutia sahihi, yatasikika.

Yule kijana alisafiri kabla sijapata jibu lake. Nimemtumia makala hii kupitia kwa dada yake, imechapwa katika karatasi. Kwa wanaobaki, mkutano ujao kabla ya safari mje na simu zenu zikiwa na umeme. Tutakaa wawili wawili, tutafungua programu moja moja, na kila ile ambayo mwenyewe hawezi kusema ni ya nani, tutaiondoa hapo hapo.

Umoja ni nguvu.